Springi za Jumapili

Mkaguzi wa magari aliteleza kutoka uvunguni akiwa bado amelala chali kwenye ubao wake wenye vigurudumu. Aliinuka, akakaa kitako, akajifuta mikono kwa tambara.

"Safi," alisema. "Safi kupita kiasi kwa gari la mtu anayedai alipanda nalo machimboni Jumapili."

Inspekta alichuchumaa kando ya gurudumu la mbele. Gari lilikuwa jeusi, la umeme, limeshushwa mpaka ukingo wa bodi ukawa karibu kugusana na tairi.

"Nieleze taratibu, kama unamweleza hakimu."

"Mahakimu husinzia nikianza habari za springi."

"Mimi nimeshakunywa chai. Endelea."

Mkaguzi alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kukwaruza na subira ya mwalimu wa chekechea. Aliunyoosha mkono ndani ya upinde wa gurudumu.

"Gari la umeme betri yake iko sakafuni, nzito ajabu. Kiwandani hulitilia springi zenye urefu wa kutosha, ili uzito ule upate pa kushukia. Huyu bwana ametia fupi tena ngumu, gari lilale chini lipendeze. Sawa, linapendeza. Lakini likiingia shimoni springi inaishiwa nafasi, linagonga vile vipira vya mwisho, na mshindo wote unaupokea wewe mgongoni. Halafu tazama rimu. Kubwa kama sinia, na tairi limebaki utepe. Mpira ndio godoro la gari, Afande. Hapa hakuna godoro, kuna shuka tu."

"Na kule machimboni?"

"Angekuwa amepinda rimu moja, kama si mbili, na sakafu ya betri ingekuwa na mikwaruzo. Hakuna hata mchubuko." Alikuna shingo. "Kuna jambo moja tu silielewi. Nati za springi zimechubuka rangi pembeni. Zimefunguliwa na kufungwa mara nyingi. Mtu akishabadilisha springi huwa anasahau. Huyu kila saa yumo humo."

"Labda alikuwa anaficha kitu."

"Ndani ya springi? Ataficha nini, upepo?"

Inspekta hakucheka, lakini aliliweka neno hilo akilini.

Mambo yalikuwa hivi. Jumapili mchana, wakati mji umeshiba na umelala, studio ya picha nyuma ya soko ilishika moto. Ndani mlikuwa na picha za watu wa mji ule tangu enzi za picha zisizo na rangi. Hapakuwa na mtu mzima ambaye hakuwahi kusimama mbele ya lile pazia lililochorwa maporomoko ya maji, ameambiwa asipepese macho. Inspekta mwenyewe alisimama pale siku alipoanza darasa la kwanza, soksi moja juu, moja chini. Pazia sasa lilikuwa majivu. Mzee wa studio alikuwa hospitali, mikono imeungua na mapafu yamejaa moshi, hajaweza kusema neno. Wazima moto walinusa petroli kwenye mlango wa nyuma. Mzee akifa, hayo yangekuwa mauaji.

Mshukiwa hakuwa wa kutafutwa. Mfanyabiashara mmoja, aliyeitwa Mkubwa na kila mtu kuanzia mama yake hadi wauza nyanya, alikuwa amenunua ule mstari mzima wa majengo na kumtaka mzee ahame. Walishawahi kutoleana maneno barazani, watu wakisikia. Na Jumapili ile, mshonaji wa ng'ambo ya kichochoro aliona gari jeusi la chini chini likipita kimya kimya nyuma ya studio, muda mfupi kabla ya moshi. Mji mzima ulijua nani ana gari la namna hiyo. Jumanne Mkubwa akakamatwa.

Akasema neno moja tu, na hakulibadili: "Nilikwenda kwa mama. Nilimchukua, nikamzungusha mjini, nikamrudisha. Basi."

Mama yake alikaa mwisho wa barabara ya machimbo.

"Tulipandishe," Inspekta alisema. "Wewe endesha. Mimi nitakaa nyuma, anapokaa mama."

Lami ilipokuwepo, gari lilikwenda kama mawazo. Lami ilipokwisha, Inspekta aliujua mgongo wake upya. Kwa kuwa hapakuwa na mngurumo wa injini wa kufunika chochote, kila kokoto lilisikika na jina lake. Matairi yalipiga mawe kwa sauti kavu, kama mtu anayegonga meza kwa ufunguo. Kichwa chake kiligusa dari. Walipofika kwenye mtaro uliokatwa na maji ya mvua, tumbo la gari lilikwaruza, mkwaruzo mrefu uliowafanya wote wawili wakunje uso.

"Hapa ndipo mwisho," mkaguzi alisema. "Nikilazimisha, betri hii utailipa wewe."

"Kwa hiyo hakupita."

"Kwa gari hili, hakupita."

Inspekta alishuka, akamalizia kona ya mwisho kwa miguu. Zamani barabara ile ilikuwa na malori mchana kutwa, na king'ora cha saa ya chakula kilisikika hadi shuleni kwao. Watoto walikuwa wakikimbilia dirishani kuona baruti zikilipuka mlimani. Sasa machimbo yalikuwa yamefungwa, na vumbi jeupe ndilo lililobaki, limekaa juu ya kila jani.

Nyumba ilikuwa ndogo, ya mawe, imepakwa rangi ya buluu madirishani. Mama alikuwa barazani, fimbo imeegemea paja, anachambua maharage.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyemfungia mwanangu."

"Ni mimi, mama."

"Basi keti. Ukisimama hutapata jipya."

Ndani, ukutani, kofia ya chuma ya mchimbaji ilining'inia msumarini, na pembeni yake picha moja kubwa. Mume, mke na watoto wawili wa kiume walikuwa wamesimama mbele ya gari la zamani lenye taa za mviringo. Baba ameweka mkono juu ya boneti kama mtu anayemshika begani rafiki yake. Chini kulikuwa na muhuri wa studio iliyoungua.

"Alikuja kutupigia hapa hapa nje," mama alisema kutoka barazani, bila kugeuka. "Mume wangu alikataa kupigwa picha bila gari. Mzee wa studio akapanda mlima na kamera yake begani, akafika amelowa jasho, tukamnywesha maji kwanza ndipo akaweza kututazama. Halafu watu wananiambia mwanangu kamchoma moto."

"Jumapili Mkubwa alikuja?"

"Alikuja. Huja kila mwisho wa mwezi. Tulikwenda nikaona mji, nikaona duka la vitambaa limekuwa benki, nikasikitika, tukarudi. Nililala njiani, kwenda na kurudi."

Inspekta aliacha kuandika.

"Ulilala? Kwenye barabara hii?"

"Kwa nini nisilale? Gari lake ni laini kama lile la baba yao. Tangu nyonga hii ivunjike, teksi zinaniua. Nikishuka nalia. Ila la mwanangu, unakaa kama uko kitandani."

Inspekta alihisi bado mawe ya barabara ile mgongoni mwake. Mama muongo angesema mwanawe alifika saa fulani, akaondoka saa fulani. Huyu alikuwa anasema jambo ambalo hakuna aliyemfundisha kusema, na ambalo kwa gari lile lililokwama kwenye mtaro lisingewezekana kabisa. Ama Jumapili alipanda gari jingine, ama gari lilelile Jumapili halikuwa hivi.

Akazikumbuka nati zilizochubuka.

"Mama, huyu mdogo pichani, yeye yuko wapi?"

Vidole vilisita juu ya maharage, kisha vikaendelea.

"Yupo."

"Anafanya kazi gani?"

"Gari la baba yake aliliuza kwa wauza vyuma chakavu, hata arobaini haijaisha. Nilimwambia chochote atakachokigusa yeye, mimi sikikalii. Kazi yake siijui. Muulize kaka yake."

*

Mkubwa alikuwa amekaa kwenye benchi la mahabusu bila mkanda wala kamba za viatu, lakini shati lake bado lilikuwa limenyooka. Inspekta alisimama upande wa pili wa nondo.

"Mdogo wako ni fundi magari."

Mkubwa alinyanyuka ghafla. "Mama amesema nini? Umemwambia nini mama?"

"Sijamwambia kitu. Wewe ndiye umeniambia sasa hivi."

Alikaa tena, akafunika uso kwa viganja. "Usiende kwake, Afande. Nakuomba. Mama akijua, hatapanda tena lile gari. Atabaki kule juu, anatazama ukuta. Mimi nitatoka tu, kwa sababu sikufanya."

"Unajua mahakama imejaa watu wangapi wanaosema hivyo?"

Inspekta alishika njia.

Karakana ya Mdogo ilikuwa mtaa wa viwanda, kati ya mashine ya kuchomea vyuma na saluni. Alikuwa mwembamba, mwenye pua ya yule baba wa pichani. Alipoona kitambulisho, aliweka spana chini polepole, kama mtu aliyekuwa akiisubiri siku hiyo.

"Ni habari za kaka."

"Ni habari za springi."

Alimwongoza hadi nyuma. Kwenye rafu kulikuwa na springi zilizofungwa vizuri kwa kitambaa cha pamba, na chini yake magurudumu manne. Rimu zilikuwa ndogo, za kawaida, hazina urembo wowote. Matairi yalikuwa manene, yenye mashavu ya kubonyea. Inspekta alipitisha kidole kwenye mifereji ya mpira. Kilitoka cheupe. Vumbi la machimbo.

"Kila mwisho wa mwezi, Jumamosi, kaka ananiachia gari," Mdogo alisema. "Natoa zile fupi, natia hizi. Natoa rimu zake za maringo, natia hizi. Gari linanyanyuka, linapata nafasi ya kupumua. Na upepo wa matairi napunguza kidogo. Jumatatu naliosha lote, narudisha kila kitu, maana yeye bila kulaza gari chini anajiona kama ametoka bila suruali."

"Kwa nini asiache hivi hivi?"

"Nimemwambia. Hata chaji inakaa zaidi na rimu ndogo. Anasema mimi ni mzee." Alitabasamu kidogo, tabasamu likafifia. "Springi za kiwandani zilikuwa ngumu bado kwa nyonga ya mama. Nimejaribu aina nyingi. Nilikuwa namuuliza kaka, 'Leo amelala?' Akisema amelala mpaka darajani, najua nimesogea. Nilikuwa natafuta lile gari la baba. Wewe hukulipanda. Lilikuwa linaelea. Mimi na kaka nyuma, mama mbele kichwa kimeanguka begani, baba anatuashiria tunyamaze."

"Jumapili, rimu kubwa zilikuwa wapi?"

"Hapo mlangoni. Nilikuwa nimeziosha, zinakauka."

"Nani aliziona?"

Mdogo alifikiri, akamwita msusi wa saluni. Msusi alikuja na kitana kichwani, akaulizwa, akacheka.

"Mbona nilimpiga mwanangu picha humo! Kakaa ndani ya rimu kama kifaranga ndani ya kikapu. Nilimtumia baba yake ile ile saa." Alitoa simu, akaiperuzi, akaigeuza. Mtoto alikuwa anacheka ndani ya duara linalong'aa, na nyuma yake, ng'ambo ya paa la soko, moshi mweusi ulikuwa ndio kwanza unapanda. Simu yenyewe ilionyesha siku na saa.

Inspekta aliitazama picha ile kwa muda. Kisha akatoka, akavuka soko hadi kwa mshonaji.

"Lile gari la Jumapili. Nieleze magurudumu."

"Nilishasema, Afande," mshonaji alijibu, pini zikiwa mdomoni. "Makubwa, yanang'aa kama sufuria jipya. Jua liliyapiga likaniingia machoni. Ndiyo maana nikanyanyua uso."

"Una uhakika yalikuwa yanang'aa?"

"Nitaapa popote."

"Utaapa," Inspekta alisema. "Na utakuwa umemwokoa."

Ushahidi uliomfunga Mkubwa ndio uliomfungua. Saa ile gari lake lilikuwa na rimu ndogo zisizo na mng'ao, limejaa vumbi, na rimu zake kubwa zilikuwa zimebeba mtoto wa msusi. Mjini kulikuwa na gari jingine jeusi, la chini, lililotaka kufanana na lake. Inspekta alimpigia mkaguzi, akamwambia aanze na mafundi wote wanaoshusha magari, na aulize nani aliagiza rimu za aina ile hivi karibuni.

Lilibaki jambo moja. Maelezo ya mama yalikuwa nusu, na wakili wa serikali hangeyapokea bila kuelezwa kwa nini gari lilikuwa laini siku ile na gumu siku hii. Mama ilibidi aonyeshwe gari, alitambue, na aambiwe.

"Akijua, hatapanda tena," Mdogo alisema.

"Asipojua, kaka yako ataendelea kukaa bila mkanda."

Mdogo alilitazama gari jeusi lililoletwa uani. Kisha alichukua jeki.

*

Walipanda machimboni alasiri. Inspekta alikaa nyuma tena, safari hii bila kushikilia kitu. Mawe yaleyale yalipita chini yao kama maneno ya watu walio chumba cha pili. Kwenye mtaro gari liliinama, likashuka, likapanda, wala halikugusa. Mdogo aliendesha mikono yote miwili ikiwa juu ya usukani, kama mwanafunzi.

Mama alisimama barazani kabla hawajazima. Aliliona gari, akaona aliyeshuka, akabaki amesimama.

"Shikamoo, mama," Mdogo alisema.

Hakuitika. Alimgeukia Inspekta. "Huyu anatafuta nini?"

"Mama, Jumapili ulipanda gari hili?"

"Hili."

"Lilikuwa hivi?"

"Hivi hivi."

"Aliyelifanya liwe hivi ni yeye. Kila mwezi, tangu ulipovunjika nyonga. Mkubwa yuko ndani kwa sababu alikataa kulisema hilo."

Kuku walikuwa wakiparua chini ya ukuta. Mama aliteremka ngazi moja moja, akalizunguka gari kwa fimbo yake. Alipofika mbele aliweka kiganja juu ya boneti, akaisukuma chini kwa uzito wake wote mdogo. Gari lilizama, likapanda taratibu, likatulia.

"Umefanyaje?" aliuliza.

Mdogo alimweleza. Aliongea mikono ikienda juu na chini, springi hizi, mipira ile, upepo kiasi hiki, kwa haraka, kama anaogopa kukatizwa. "Nilitaka liwe kama la baba," alimalizia. "Bado sijalifikia. Lile lilikuwa linaelea."

"Lile?" Mama alimtazama kwa mara ya kwanza usoni. "Lile gari lilikuwa linarusha kama punda aliyepakwa pilipili. Mlango wa nyuma tuliufunga kwa kamba."

"Lakini ulikuwa unalala, mama. Nakumbuka. Kila Jumapili."

"Nilikuwa nimechoka, mwanangu. Wiki nzima nafua nguo za watu. Ningelala hata juu ya toroli la mawe. Baba yenu akiuliza, nasema gari lako ni laini, afurahi. Alipokufa nikaendelea kusema."

Mdogo aligeuka akalitazama gari jeusi.

"Na wewe umekaa unatafuta ulaini ambao haukuwepo," mama alisema. "Hili lako ndilo laini."

"Basi kwa nini... nilipoliuza..."

"Ulidhani nalilia bati?" Sauti yake ilipasuka kidogo, akaishika. "Koti la baba yako lilikuwa kwenye buti la gari. Lile la kazini, bado lina harufu yake. Nilikuwa naenda kufungua buti jioni, nalinusa lile koti, nafunga. Nilitoka asubuhi moja nikakuta uwanja mtupu. Hukuniuliza."

"Sikujua. Wallahi, mama, sikufungua hata buti."

"Najua hukujua. Najua sasa hivi."

Mdogo alikuwa analia bila sauti, amesimama wima, mikono ya grisi imening'inia kama si yake. Inspekta aligeuka akayatazama machimbo, ukuta mweupe wa mlima ulipoanza kuingia kivulini.

Aliposikia mlango unafunguliwa, aliangalia. Mama alikuwa amekaa kiti cha mbele, anamnyooshea mwanawe fimbo amwekee nyuma.

"Maelezo nitayatoa huko huko kituoni," alimwambia Inspekta. Kisha akamgeukia Mdogo. "Futa uso, ingia. Kaka yako yuko ndani tangu Jumanne na mimi nimekaa hapa nachambua maharage."